Tufani ya Unguja na Joto la Bahari

Nataka tuyatie mizanini maafa mawili ya pwani yetu.

Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikaangusha minazi na sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ikasalimika. Wenye mashamba wa huko wakazidi kupanda, kwa jasho la watumwa, na tangu hapo Pemba imeishinda Unguja kwa karafuu.

La pili halikuvuma. Mwaka 1998 bahari ilipata joto la kupita kiasi. Matumbawe ya pwani ya Kenya yakageuka meupe, na mengi yakafa. Hakuna paa lililoezuliwa, basi nani angelia?

Lakini mimi nasema hili ndilo zito. Tufani iliinyang'anya Unguja ikaipa Pemba. Joto limenyang'anya, wala halikumpa mtu. Mkarafuu hupandwa, na baada ya miaka kama saba huchumwa. Tumbawe hukua polepole mno, na joto lilirudi tena 2016. Mwamba ukifa, samaki hukosa maskani, na dema la mvuvi hutoka tupu.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwamba uliosalia tusiumalize kwa majuya yetu wenyewe.