Masafa ya wote yataka kikao cha wote

Na Rehema Mbarouk

Kampuni za intaneti ya kebo huuza waya, lakini mteja hagusi waya. Waya unaishia kwenye ruta. Kutoka hapo hadi kwenye simu iliyo mkononi ni kazi ya Wi-Fi. Ndivyo ilivyo Marekani, na ndivyo ilivyo kwa wateja wa Zuku wa Nairobi na Mombasa. Intaneti ikisuasua, mara nyingi tatizo liko kwenye mita hizo chache za mwisho, na kanuni za mita hizo haziandikwi na watu wa kebo.

Waya una taasisi yake, CableLabs, iliyoundwa na kampuni za kebo za Marekani mwaka 1988 na ambayo mwaka 1997 ilitoa kiwango cha DOCSIS. Kiwango cha Wi-Fi huandikwa na IEEE, na vifaa vyake huthibitishwa na Wi-Fi Alliance. Simu za mkononi zina 3GPP. Kwa miaka mingi kila mmoja alilima shamba lake, na hapakuwa na kesi ya mpaka.

Kesi ilizuka baada ya mwaka 2014, Verizon ilipoungana na Qualcomm, Ericsson, Samsung na Alcatel-Lucent kuunda LTE-U Forum. Walitaka kuipeleka LTE ya simu kwenye bendi ya gigahezi 5, isiyohitaji leseni, ambako Wi-Fi ilikuwa imeshajaa. Haki ya kuingia walikuwa nayo. Kilichobishaniwa ni adabu ya kuingia. Kifaa cha Wi-Fi husikiliza kwanza, na kikisikia mwingine anarusha, hungoja. LTE-U ilipima msongamano, ikajipangia muda wa kurusha na muda wa kunyamaza, bila kungoja mwenzake amalize.

CableLabs ilifanya majaribio ikasema Wi-Fi inaumia. Qualcomm ikafanya yake ikasema haiumii. Siamini kwamba kuna aliyedanganya. Kila upande ulipima kwa kipimo chake, kwa sababu kipimo cha pamoja hakikuwapo, na hakikuwapo kwa sababu waliokitunga kiwango kile hawakuwa wamekaa na watu wa Wi-Fi. Ugomvi ukafika kwa msimamizi wa mawasiliano wa Marekani, FCC. Ni Septemba 2016, baada ya mabishano marefu, ndipo Wi-Fi Alliance ilipotoa utaratibu mmoja wa kupima, na Februari 2017 FCC ikaidhinisha vifaa vya kwanza vya LTE-U. Kufikia hapo 3GPP ilikuwa imeshaandika njia nyingine, LAA, ambayo husikiliza kabla ya kurusha kama sheria za Ulaya na Japani zinavyotaka. Miaka miwili ya ugomvi ingeokolewa na kikao kilichoitishwa mapema.

Kwamba kikao kama hicho kinawezekana, tumeona. Toleo la 16 la 3GPP, lililokamilika mwaka 2020, liliandaliwa kwa kushirikiana na CableLabs na Broadband Forum, na sasa kitovu kimoja cha 5G kinaweza kumhudumia mteja awe amekuja kwa kebo au kwa redio.

Kwetu hili si habari ya mbali. Mwishoni mwa 2023, mkutano wa dunia wa masafa uliofanyika Dubai uliitaja bendi ya megahezi 6425 hadi 7125 kwa ajili ya mitandao ya simu katika Kanda ya Kwanza, ambamo Afrika yote imo, huku ukikiri kwamba Wi-Fi nayo huitumia bendi hiyo. Ni mvutano uleule wa gigahezi 5, na safari hii uko kwenye ardhi yetu.

Tazama sasa nani yuko mezani. 3GPP ina mashirika wabia saba: mawili ya Japani, na moja moja kutoka Marekani, Ulaya, China, India na Korea Kusini. Afrika haina hata moja. Umoja wa Mawasiliano wa Afrika una makao yake hapohapo Nairobi. Wasimamizi wa mawasiliano wa Kenya na Tanzania wautumie kupeleka wahandisi wetu kwenye vikao hivyo, na wasiruhusu kifaa chochote kwenye bendi hiyo kabla watu wa simu na watu wa Wi-Fi hawajakubaliana kipimo kimoja.