Kidonda cheusi kisichouma: Niambie habari za ng'ombe

Ukija kwangu na kidonda cheusi mkononi, nitakuuliza habari za ng'ombe kabla ya kukuuliza kama una homa. Usikasirike. Hapa Endarasha, ambako boma lisilo na ng'ombe wala kondoo ni la kutafutwa, swali hilo laweza kuokoa maisha.

Ugonjwa ninaoushuku ni kimeta. Ni nadra kwa binadamu, na daktari aweza kufanya kazi miaka mingi asiuone. Huanza kwa kipele kinachowasha, siku chache baada ya mtu kumchuna mnyama aliyekufa kwa ugonjwa huo. Malengelenge hutokea, ngozi huvimba, kisha hubaki kigaga cheusi kama makaa. Ajabu ni kwamba hakiumi. Basi mtu huendelea kupalilia viazi vyake huku viini vikitafuta njia ya kuingia damuni. Bila matibabu, hadi mgonjwa mmoja kati ya watano huweza kufa. Akitibiwa mapema, ni nadra sana kufa.

Dawa zenyewe si za ajabu: penisilini, doksisaiklini au siprofloksasini, kwa muda atakaoamua daktari, mara nyingi wiki moja hivi. Taabu ni kwamba dawa huviua viini upesi, lakini sumu viliyokwisha kumwaga huendelea na kazi yake. Kigaga huzidi kuwa cheusi hata ukimeza dawa barabara, na huchukua wiki 2 au 3 kudondoka. Hapo ndipo mgonjwa huona amedanganywa, akaacha dawa na kwenda dukani kununua vidonge vinne vya rangi nyingine. Au jirani hukitumbua kwa wembe! Tafadhali, kisikatwe wala kukamuliwa.

Mgonjwa wangu mmoja alishikilia kwamba alichomwa na mwiba. Mkewe ndiye aliyeninong'oneza kwamba ndama alikufa ghafla, na nyama ikagawanywa. Mzee alimwogopa chifu.

Kwa maoni yangu, lawama ni yetu sisi madaktari na maafisa. Tunauliza kama polisi. Mtu aliyepoteza ng'ombe amepoteza karo ya muhula; ukimtisha atanyamaza, na majirani waliokula hawatapata dawa. Serikali na ilete chanjo ya mifugo kila mwaka kabla ya kuleta vitisho.

Hata hivyo, mzoga usipasuliwe, kwani mbegu za viini hivi hudumu udongoni miaka mingi. Kisiwa cha Gruinard huko Scotland kilichafuliwa nazo mwaka wa 1942 katika majaribio ya silaha. Kilitangazwa salama mwaka wa 1990, tena baada ya udongo kutiwa dawa.

Kwa hivyo ng'ombe akifa ghafla, damu isiyoganda ikimtoka puani, mwite daktari wa mifugo. Na kama mmekwisha kumchuna, njoo upesi, uje na wote mliogawana nyama. Sitamwita chifu chumbani mwangu.