Rangi ya Tumbo la Nyoka na Somo la Baiolojia

Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hofu hiyo ina sababu, kwani miongoni mwa nyoka wa Afrika Mashariki wamo wauao. Lakini hofu isiyoandamana na elimu huzaa makosa mawili. Mmoja humpiga fimbo kila nyoka amwonaye. Mwingine humtia nyoka sandukuni na kumfuga, akidhani kuwa rangi ya tumbo yatosha kumjulisha kama ana sumu au hana. Kosa la pili lafaa kusahihishwa darasani, na shule za mashamba, kama zile za Mtambile kisiwani Pemba, zaweza kulisahihisha bila ya kununua kifaa chochote.

Kifaa chenyewe ni gamba lililovuliwa, liokotwalo chini ya mikarafuu au katika nyufa za kuta. Mwanafunzi akiliinua penye mwanga ataona kwamba karibu halina rangi, hata kama mwenyewe alikuwa kijani kibichi. Sababu ni kwamba seli nyingi za rangi zimo katika ngozi ya ndani. Kinachovuliwa ni tabaka la juu tu. Ataona pia magamba mapana ya tumboni yaliyopangana mstari mmoja. Kwa nyoka walio wengi, kila gamba pana hulingana na pingili moja ya uti wa mgongo. Kwa hiyo mwenye kuyahesabu amekwisha kuhesabu mifupa asiyoiona.

Mabadiliko ya rangi nayo yana utaratibu wake. Kabla ya nyoka kujivua, ngozi mpya hujitenga na ile ya zamani, na majimaji ya mwili hupenya katikati. Rangi hufifia, tumbo likawa kama limepakwa maziwa au likaingia wekundu hafifu, na macho yakafanya ukungu wa kibuluu. Baada ya siku chache macho hung'aa tena, kisha nyoka hujivua. Huo si ugonjwa. Lakini wekundu unaobaki baada ya kujivua, pamoja na malengelenge au magamba yanayooza, ni dalili ya maradhi yanayowapata hasa nyoka waliofungiwa penye unyevu na uchafu. Bakteria wakiingia katika damu, nyoka hufa. Basi rangi moja ina maana mbili, na kinachozitenganisha ni kuangalia siku baada ya siku.

Kutegemea alama moja kumewaponza hata mabingwa. Mnamo Septemba 1957, huko Chicago, mtaalamu wa nyoka Karl P. Schmidt aliletewa nyoka mchanga kutoka Afrika ili amtambue. Alama nyingi zilionyesha kuwa ni boomslang, nyoka wa miti mwenye sumu kali. Lakini gamba moja la chini ya tumbo, karibu na mkia, halikugawanyika kama ilivyo desturi, na jambo hilo likamtia shaka. Nyoka alimwuma, naye akafa siku ya pili. Ikiwa gamba moja lilimtatanisha bingwa, rangi ya tumbo haiwezi kuwa ngao ya mwanafunzi.

Wapo watakaosema kuwa salama ni kuwaua wote. Hoja hiyo haina nguvu. Pemba ina nyoka wake asiyepatikana penginepo, Lycophidion pembanum, aliyeelezwa na wataalamu mwaka 1968. Ni mdogo, hana hatari kwa mtu, na jamaa zake hula mijusi. Fimbo isiyochagua yaweza kukipotezea kisiwa kitu ambacho dunia nzima haina.

Hapana budi, basi, kila shule iwe na daftari la magamba: tarehe, mahali lilipookotwa, urefu, na hesabu ya magamba ya tumbo. Masharti ni matatu. Nyoka aliye hai asiguswe wala asifungiwe. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kushika gamba. Na anayeumwa apelekwe hospitali mara moja, pasipo kungoja mtu atambue nyoka kwa rangi yake. Daftari kama hilo litamfundisha mwanafunzi sayansi kwa macho yake mwenyewe, na nyoka watabaki mashambani walikozaliwa.