Ukali Hausomeshi

Katika mkutano wa wazazi uliofanywa karibuni katika skuli moja ya msingi isiyo mbali na Feri, kivuko cha Likoni, upande huu wa kisiwani Mombasa, alisimama mzee mmoja wa heshima, mwanachama wa halmashauri ya skuli, akanena kwa sauti iliyofika hadi langoni: "Wazee wangu, skuli hii haitaki maneno mengi. Yataka mwalimu mkuu mkali. Huyu tuliye naye ni mpole mno, atolewe." Makofi yakapigwa, kina mama wakaitikia, katibu akaandika. Mimi nilirudi nyumbani na ghadhabu ambayo hadi leo haijanitoka, si kwa kuwa nampenda mwalimu mkuu yule wala kwa kuwa namchukia, bali kwa kuwa katika hadhirina wote wale hakutokea hata mmoja aliyeuliza: ni nani aliyeingia darasani akatazama watoto wanafundishwaje?

Itikadi hii, ya kwamba skuli iliyoanguka huinuliwa na mtu mmoja mwenye uso wa kutisha, imeenea Pwani nzima na bara pia. Matokeo ya mtihani yakitoka mabaya, wazazi hulitia lango kufuli, hubeba matawi, hupiga kelele mbele ya kamera, na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, kwa kutaka utulivu, humhamisha aliyekuwapo ikamleta mwingine. Huyo mpya huja na henzarani yake, huamrisha watoto wafike alfajiri, huyapaka chokaa mawe ya uani, na kwa muhula mmoja mji wote humsifu. Kisha matokeo hurudi yale yale, na kelele za kumtoa zikaanza upya. Katika duru yote hiyo mwalimu wa Gredi ya Tatu huendelea kufundisha vile vile alivyofundisha mwaka jana na juzi, maana hapana aliyekwenda kumwonyesha njia nyingine.

Jirani yangu ana mtoto katika gredi hiyo. Daftari lake la Kiswahili ni safi, hati yake yapendeza kuliko ya makarani wengi, na kila ukurasa umejaa alama za sahihi kwa wino mwekundu. Jioni moja nilimfungulia ukurasa aliouandika asubuhi ile, akausoma sentensi kwa sentensi pasi na kukwama. Nikaweka kidole juu ya neno moja katikati ya mstari, neno "sokoni", nikamwambia anisomee hilo peke yake. Hakulitazama neno, alinitazama mimi usoni, akilitafuta jibu katika midomo yangu. Alikuwa amenakili kutoka ubaoni na kuhifadhi kwa masikio, na mwalimu wake, mwenye watoto wengi kuliko awezavyo kuwasikiliza mmoja mmoja, alikuwa amesahihisha kunakili akidhani anasahihisha kusoma. Niambieni, ndugu zangu, mwalimu mkuu mkali angemfaa nini mtoto huyu? Angempiga hata alitamke neno asilolijua?

Wala si mtoto mmoja. Watafiti wa shirika la Uwezo, waliopita nyumba kwa nyumba katika nchi yetu wakiwapima watoto kusoma na kuhesabu, walieleza katika ripoti zao za miaka ya mwanzo kwamba katika kila watoto kumi wa darasa la tatu ni kama watatu tu waliomudu kazi ya darasa la pili. Na dawa haikufichika, ila kwanza tazameni yale yasiyoponya. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, katika miaka ya 1990, baadhi ya skuli ziligawiwa vitabu bure, na wataalamu, miongoni mwao Michael Kremer aliyekuja kutunukiwa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, walipozilinganisha na skuli zisizopata, waliona kuwa wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa mbele tangu mwanzo, kwa sababu vitabu vilikuwa vya Kiingereza ambacho wengi hawakuweza kukisoma. Tanzania nako, katika utafiti uliofanywa katika skuli 350, fedha za ruzuku zilizopelekwa peke yake hazikuwaongezea watoto maarifa. Lakini mradi wa kufundisha kusoma na hesabu uitwao PRIMR, uliojaribiwa hapa Kenya kutoka 2011 hadi 2014, ulipomwandama mwalimu kwa mafunzo na kumtembelea darasani, ukampa kila mtoto kitabu chake, na ukamtia mwalimu mkononi mwongozo wa somo la kila siku, watoto walisoma vyema zaidi, na kutokana nao ukaanzishwa mpango wa kusoma uitwao Tusome katika skuli za msingi za umma nchini kote mwaka 2015. Katika mpango huo afisa wa elimu aliingia darasani, akaketi nyuma, akasikiliza somo hadi mwisho, akawaita watoto wawili watatu wamsomee, kisha akazungumza na mwalimu juu ya kile alichokiona kwa macho yake. Kazi hiyo haikuwa na bakora wala hotuba, na ndiyo iliyoleta natija.

Basi nauliza tena: ni nani aliyeingia darasani? Halmashauri za skuli zimewekwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, na katika majukumu yao ni kukuza ubora wa elimu. Lakini mikutano yao niliyoihudhuria imezungumza ukuta, lango, basi, na rangi ya sweta, sweta katika mji wa joto kama huu, huku ukurasa wa daftari la mtoto haukufunguliwa mezani hata mara moja.

Watetezi wa ukali wana hoja moja waipendayo: "Sisi tulipigwa, na tukawa watu." Hoja hii ni dhaifu hata kuisikiliza ni taabu. Wale ambao bakora iliwatimua darasa la nne hawakualikwa mkutanoni kuja kutoa ushahidi; wako pale Feri wakisukuma mikokoteni juani, na hapana anayewahesabu. Viboko viliondolewa katika skuli zetu tangu mwaka 2001, na mtu mzima anayevililia leo analilia jambo lililokatazwa na sheria, mbele ya watoto tunaowataka waitii sheria.

Tena pitieni Feri saa kumi na mbili na nusu asubuhi mtazame hao ambao watetezi wa ukali huwaita wavivu: watoto wa Likoni wenye sare, mikoba vifuani wasiibiwe, wamebanwa baina ya baiskeli na magunia wakingoja chombo ambacho leo kimeharibika kama kilivyoharibika juzi, na daraja tuliloahidiwa halijaonekana. Wakifika skuli wamechelewa, mwalimu wa zamu huwapigisha magoti langoni, na somo la kwanza, ambalo aghalabu ni la kusoma, huwapita wakiwa wameinama kwenye changarawe. Huo ndio ukali tunaoupigia makofi: unamnyang'anya mtoto somo kwa taksiri ya feri. Jioni mzazi wake hutozwa pesa za tuisheni, afundishwe na mwalimu yule yule kile alichokikosa asubuhi.

Kunung'unikia elimu ya Pwani hakukuanza jana. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alipokuwa akilitoa gazeti lake la Al-Islah katika mji huu mwaka 1932, aliwahimiza watu wake waitafute elimu ya dini na ya dunia, na karibu karne nzima imepita tungali tunashindana ni nani akalie kiti cha ofisi.

Muhula ujao, kabla ya kusomwa ajenda ya kumwondoa mtu, nitaomba jambo moja. Waletwe watoto kumi wa Gredi ya Tatu, wachaguliwe kwa kura wala si na mwalimu wao, kila mmoja apewe ukurasa ambao hajapata kuuona, na halmashauri yote iketi iwasikilize hadi wa mwisho. Kisha mwalimu mkuu aulizwe ni masomo mangapi aliyoyahudhuria darasani muhula huu na alimwambia nini mwalimu baada ya kila somo. Na akiwa hakuhudhuria hata moja, mimi nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono aondolewe, awe mpole au mkali.