BUSTANI YA NYUMBANI: Mkavu Juu, Hai Chini



Mama aliyekulia Tanga, Bujumbura au Goma anaijua haibiskasi tangu utoto. Ndiyo ile inayopandwa kuwa uzio, yenye maua mekundu na ulimi mrefu unaochomoza katikati. Kwa hiyo akihamia Marekani au Kanada na kukuta mmea wenye jina hilo ukiuzwa, huununua kwa furaha. Baridi inapofika, mmea hukauka wote, naye huung'oa na kuutupa. Mara nyingi hutupa mmea ulio hai.

Jua ulichonunua

Chini ya jina hilo moja huuzwa mimea mitatu, na kila mmoja una matunzo yake.

Wa kwanza ni ule wa nyumbani kwetu. Majani yake ni ya kijani kilichokolea na yanang'aa, na maua yake huweza kuwa hata ya njano au ya rangi ya chungwa. Huu hauvumilii baridi ya kugandisha. Uwe ndani ya chungu, nao uingizwe nyumbani kabla usiku haujafikia nyuzi 10 za Selsiasi. Uweke dirishani penye jua na upunguze maji.

Wa pili ni kichaka chenye matawi magumu kama mti na maua madogo kidogo, mengine ya zambarau. Huu hubaki nje. Usiukate hadi chini. Punguza matawi tu baridi inapokaribia kwisha.

Wa tatu ndio tunaouzungumzia leo. Asili yake ni mabwawa na kingo za mito ya mashariki mwa Marekani. Majani yake hayang'ai, na maua yake ni meupe, ya waridi au mekundu. Ua moja laweza kufikia upana wa sentimita 25, sawa na sahani ya chakula. Ni ukoo mmoja na bamia, na kama ua la bamia, kila ua hudumu siku moja au mbili tu, kisha jingine hufunguka.

Kinachotokea wakati wa baridi

Baridi ya kwanza ikigandisha, majani huwa meusi na mashina hukauka hadi kwenye udongo. Hiyo ndiyo desturi yake, wala si ugonjwa. Uhai wote umerudi kwenye mizizi. Katika ramani ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, inayogawanya nchi kwa kanda za baridi, mmea huu hukaa nje hadi kanda ya 5, ambako baridi kali ya mwaka huweza kufika nyuzi 29 chini ya sifuri. Ukifunikwa vizuri, huvumilia hata kanda ya 4.

Mambo ya kufanya

1. Kuanzia mwishoni mwa kiangazi usiweke mbolea. Mbolea huleta machipukizi laini, nayo baridi huyaunguza.

2. Mwagilia maji vizuri kabla ardhi haijaganda, lakini pasituame. Mizizi iliyolala ikikaa majini kwa miezi mingi yaweza kuoza.

3. Mashina yakishakauka, yakate ubakize sentimita 15 hivi. Visiki hivyo vitakuwa alama ya mahali mmea ulipo.

4. Ardhi ikianza kuganda, tandaza majani makavu au nyasi kavu, unene wa sentimita 10 hadi 15. Matandazo hayaleti joto. Kazi yake ni kuzuia ardhi isigande na kuyeyuka mara kwa mara, jambo linalosukuma mizizi juu na kuikata.

5. Ulio ndani ya chungu uko hatarini zaidi, kwa sababu baridi huingia pande zote. Fukia chungu ardhini, au kiweke katika gereji isiyotiwa joto na ukinyunyizie maji kidogo mara moja kwa mwezi.

Subira ya majira ya chipuko

Hapa ndipo mimea mingi hupotea. Mwezi wa Aprili bustani yote huwa ya kijani, lakini haibiskasi hii bado ni visiki vikavu. Baba akishika jembe ili kusafisha, huiondoa. Mama naye hukwangua gome, na asipoona ubichi husema umekufa. Kipimo hicho kinafaa kwa kile kichaka cha pili tu. Kwa huu, mashina ya mwaka jana hayarudi kamwe hata ukiwa mzima kabisa.

Mmea huu husubiri udongo upate joto. Huchipuka Mei, na katika sehemu za kaskazini hata mwanzoni mwa Juni. Sogeza matandazo baridi ikiisha, weka kijiti penye visiki, na uwaambie wote nyumbani wasichimbe hapo. Wape watoto kazi ya kuchungulia kila juma. Ukishatoka, hukimbia: Julai huweza kupita urefu wa mita moja, na maua hufuata hadi Septemba.

Basi mama, usiung'oe kabla ya mwisho wa Juni. Tukutane mwezi ujao.