Wakili Asiyesoma Asimamishwe, Lakini Asikilizwe Kwanza

Yako mambo yaliyotokea katika nchi ya Kanada ambayo twaona yafaa tuyafikiri, kwa kuwa yamgusa kila mtu aliyepewa cheti cha kazi akala kwacho.

Mwaka 2012 Chama cha Mawakili cha jimbo la Manitoba kilianza kumlazimisha kila wakili ajiendeleze kwa masomo muda wa saa 12 kila mwaka. Bwana Sidney Green, mzee aliyekuwa wakili tangu mwaka 1955, hakuandikisha hata saa moja kwa miaka miwili. Chama kikampelekea barua ya kumpa siku 60 atimize. Zilipokwisha naye hajatimiza, akasimamishwa kazi. Akaenda mahakamani, wala hakudai kwamba alisoma, bali alidai kwamba chama hakina mamlaka ya kumsimamisha mtu namna hiyo pasipo kumsikiliza. Tarehe 30 Machi 2017 Mahakama ya Juu ya Kanada ilikata shauri: majaji watano waliziunga mkono kanuni za chama, wawili wakazikataa.

Kwanza twasema wazi kwamba sharti la kusoma ni jema. Sheria si jiwe. Aliyesomea uwakili Kanada kabla ya mwaka 1955 hakufundishwa Mkataba wa Haki na Uhuru, maana ulitungwa mwaka 1982. Hatusemi kwamba Bwana Green hakuujua. Twasema kwamba mteja hana njia ya kupima. Mjane mwenye kesi ya shamba huona joho na cheti ukutani tu, na siku atakapotambua kwamba wakili wake amepitwa na wakati, shamba limekwisha kwenda. Saa 12 kwa mwaka ni saa moja kwa mwezi, na masomo yenyewe wakili aliweza kuyachagua.

Wako wasemao kwamba kukaa darasani si kujifunza, na kwamba miaka mingi ya kazi ni mwalimu bora. Maneno hayo yana kweli ndani yake. Lakini mazoea humfundisha mtu yale aliyokwisha kuyakuta, wala hayamwonyeshi sheria mpya isiyofika mezani pake. Na sharti lisilo na adhabu ni ombi tu. Wenye bidii hulitimiza, na wale hasa waliokusudiwa hulipita.

Hata hivyo, katika jambo moja twasimama pamoja na Jaji Rosalie Abella, aliyekuwa miongoni mwa wale wawili. Yeye aliona si haki wakili asimamishwe pasipo kusikilizwa. Majaji wengi walijibu kwamba kusimamishwa huko ni jambo la utawala, wala si hukumu ya kosa, na kwamba mwenyewe aweza kukumaliza kwa kutimiza saa zake. Jibu hilo ni sahihi katika vitabu, barazani halitoshi. Watu wakisikia kwamba wakili fulani amesimamishwa, hawaulizi kama ni kwa ajili ya masomo au kwa kula fedha za wateja. Jina likichafuka leo, halisafishwi na cheti cha kesho.

Basi, rai yetu ni hii. Chama chochote chenye kanuni kama hiyo na kimwite mtu, kimwulize sababu. Aliyekuwa mgonjwa au aliyefiwa aongezewe muda. Asiye na sababu asimamishwe, hata akiwa mzee mwenye heshima, na kesi za wateja wake zikabidhiwe wakili mwingine ili wasiumie wao. Kumsikiliza mtu huchukua asubuhi moja.

Nasi watumishi tusilitazame jambo hili kama la wageni. Twataka kusikilizwa na wakubwa wetu kabla ya kuadhibiwa, na ni haki yetu. Yatupasa pia, tukiulizwa tulichojifunza mwaka huu, tuwe na la kujibu.