Namba za Sifuri na Moja Zifundishwe kwa Kazi Zake

Mwanafunzi wa sekondari ukimwomba aandike 13 kwa tarakimu za sifuri na moja, aghalabu atakuandikia 1101 bila kusita. Mwulize kazi yake ni nini, naye atajibu kwamba ni ya mtihani. Kwa maoni yangu kosa si lake. Sisi walimu tumezoea kufundisha ugeuzaji wa namba kana kwamba ndio mwisho wa safari, ilhali manufaa ya maandishi hayo yamo katika kila nafasi ikitazamwa peke yake.

Natuchukue mfano ambao hata mwalimu mwenye kompyuta moja aweza kuuonyesha darasani. Mfumo wa Unix, ulioanza kutungwa mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, huhifadhi ruhusa za kila faili kwa biti tisa, na Linux imeurithi utaratibu huo. Biti tatu ni za mwenye faili, tatu za kikundi chake, tatu za watu wengine wote. Katika kila tatu, ya kwanza, yenye thamani ya 4, ni ya kusoma. Ya pili, 2, ni ya kuandika. Ya mwisho, 1, ni ya kuliendesha faili kama programu. Kila biti ni bendera: 1 imepandishwa, 0 imeshushwa. Hivyo 664 ni 110 110 100: mwenye faili na kikundi chake husoma na kuandika, wengine husoma tu. Kwa kuwa kila tarakimu yasimama badala ya biti tatu, hesabu hapa huenda kwa nanenane.

Tuseme sasa tunataka kukipa kikundi ruhusa ya kuandika. Mtunga programu chipukizi atajumlisha: 4 na 2 ni 6, na mambo yataonekana sawa. Lakini je, kama kikundi kilikuwa nayo tayari? 6 na 2 ni 8, na 8 haienei katika biti tatu. Moja huhamia kwa jirani wa kushoto, na 664 hugeuka 704. Kikundi kimenyang'anywa kila kitu, na mwenye faili amepewa ruhusa ya kuendesha ambayo hakuiomba! Hakuna onyo lolote litakalotokea, kwani kompyuta imetii ilivyoamriwa.

Dawa ni maneno matatu: NA, AU, SI. AU hutazama biti mojamoja na kutoa 1 iwapo upande wowote una 1. Kwa hiyo 110 AU 010 ni 110, hata ukirudia mara mia. Kutaka kujua kama bendera imepandishwa, tumia NA pamoja na kichujio 010. Jibu likiwa 000, imeshushwa. Kuishusha, kigeuze kichujio kwa SI kiwe 101, kisha tumia NA: 110 NA 101 ni 100. Jirani haguswi. (Mwalimu wa Kiswahili aweza kusaidia hapa. Mgeni akiulizwa "chai au kahawa?" hutarajiwa achague kimoja, AU ya kompyuta humruhusu kunywa vyote viwili.)

Wapo wenzangu wanaodai kwamba kubana mambo katika biti ni ubahili wa zama ambapo kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali. Siafiki. Katika chumba cha kompyuta cha shule, anwani ya mtandao mara nyingi huandamana na namba 255.255.255.0. Hicho ni kichujio kilekile: kwa NA, kompyuta hutambua kama mwenziwe yumo katika mtandao wa humo ndani, au ujumbe hauna budi kupitishwa nje.

Basi badala ya swali la "geuza 13", darasa lipewe faili la alama za mtihani lenye 646, liwaondolee watu wengine ruhusa ya kuandika bila kutumia kutoa. Kisha lieleze nini kingetokea kama mtu angetoa 2 katika faili lenye 640, ambalo wengine hawana ruhusa yoyote. Jibu ni 636: wale waliokuwa wamefungiwa nje sasa wanaweza kuzisoma alama, na kuzibadili.